Altrasaundi ya Mapafu Shinyanga: Mashine Ipo, Msimamizi Yuko Wapi?

Andiko la mradi wa vifaa tiba halikosi safu ya viashiria. Humo huandikwa mashine ngapi zitanunuliwa, watumishi wangapi watapata mafunzo, na robo gani ya mwaka kila jambo litakamilika. Safu hiyo ndiyo inayosomwa kwenye vikao, ndiyo inayopigiwa makofi siku ya makabidhiano, na ndiyo mfadhili anayoitumia kuamua kama fedha zake zimefanya kazi. Mgonjwa wa nimonia anayehema kwa shida saa nane za usiku katika wodi ya wanaume hayumo katika safu hiyo. Makala haya yanamhusu yeye, pamoja na kipimo kimoja kinachoweza kumsaidia pale pale kitandani: altrasaundi ya mapafu.

Ngokolo ni moja ya kata za Manispaa ya Shinyanga, mahali lilipo kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Shinyanga na soko la mitumba linalojulikana na kila mkazi wa mji. Vijana wa hapa, kama wa kata nyingine nyingi za mkoa, huenda na kurudi kati ya nyumbani na machimbo: Kahama, Msalala, Nyarugusu, Mgusu, Geita. Tuseme mmoja wao, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyezeekea kwenye makarasha, ambako mawe ya dhahabu husagwa na vumbi halitulii, amerudi kwao na homa na kikohozi. Ndugu zake wanaanzia duka la dawa muhimu. Hali ikikataa wanampeleka zahanati. Siku ya tano hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, anahema mara 36 kwa dakika, na bajaji inampeleka hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mwawaza. Kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni asilimia 82.

Daktari wa zamu anajua huyu mtu anaweza kufa kabla ya asubuhi. Asichokijua ni kinachomuua. Inaweza kuwa nimonia kali ya bakteria. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichojaza maji kuzunguka pafu, maana ukanda wa machimbo una kifua kikuu kingi, na pafu lililokula vumbi la mawe miaka mingi hushikwa nacho kwa urahisi. Inaweza kuwa moyo ulioshindwa kusukuma damu. Inaweza kuwa hewa iliyovuja nje ya pafu, ambayo tiba yake ni kutoboa kifua mara moja, si kutundika dripu. Kifua kinachosikilizwa kwa stetoskopu katikati ya kelele za wodi hakitenganishi mambo haya vizuri. Eksirei iko jengo jingine, na kumtoa mgonjwa kwenye oksijeni ili asukumwe hadi huko na kurudi ni kumwongezea hatari.

Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilifundisha kwamba pafu halipimiki kwa altrasaundi, kwa sababu hewa huyarudisha mawimbi ya sauti. Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi nchini Ufaransa, alilitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Kama hewa huyarudisha mawimbi, basi pafu linalopoteza hewa yake kwa ugonjwa litabadili picha, na mabadiliko hayo yanaweza kusomwa. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 32 wenye mapafu yaliyoathirika vibaya, wakilinganisha vipimo na picha za CT. Katika kutambua sehemu za pafu zilizojaa na kuwa nzito, stetoskopu ilipata usahihi wa asilimia 36, eksirei ya kitandani asilimia 75, altrasaundi asilimia 97. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kwa wagonjwa 260 waliofikishwa na shida kali ya kupumua, utaratibu mfupi wa altrasaundi ulitoa jibu sahihi kwa asilimia 90.5. Hizo ni takwimu za mikono iliyozoea, na neno hilo la mazoea nitalirudia, maana hapo ndipo mradi wowote wa kipimo hiki unapopita au kukwama.

Kinachoonekana kwenye kioo si kigumu kueleza. Pafu lenye afya halionekani lenyewe. Unaona mstari mweupe wa utando unaolifunika, ukisogea mbele na nyuma kila mgonjwa anapovuta pumzi, na chini yake mistari ya mlalo inayojirudia kwa umbali ule ule. Majimaji yakianza kujikusanya ndani ya pafu, mistari ya mlalo hutoweka, na mahali pake hushuka mistari ya wima kama miale ya tochi, kutoka kwenye utando hadi chini ya kioo. Hali ikizidi, miale huungana na kuwa weupe mtupu. Vifuko vya hewa vikijaa usaha, sauti hupenya na pafu huonekana kuwa nyama nzito inayofanana na ini, na ndani yake vitone vyeupe vya hewa hutembea kila mgonjwa anapopumua. Hiyo mara nyingi ndiyo nimonia. Maji yaliyokaa nje ya pafu huonekana meusi. Na utando usiposogea kabisa, daktari hushuku hewa iliyovuja na kuendelea kutafuta dalili nyingine za kuthibitisha.

Kwa mgonjwa mahututi, kifua hugawanywa sehemu 12, sita kila upande, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ya juu ni 36. Alama hizi zina kazi kubwa kuliko utambuzi wa siku ya kwanza: zikipanda leo na kesho, dawa haifanyi kazi au maji yamezidi, zikishuka, pafu linafunguka. Muuguzi anaweza kuzifuatilia kitandani bila mgonjwa kuinuliwa, bila mionzi, na bila kumsubiri mtu wa picha afike asubuhi.

Afrika Mashariki imechangia elimu hii kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui. Mwaka 2012 wataalamu wa dunia waliweka tafsiri ya ugonjwa wa mapafu kushindwa ghafla, iitwayo tafsiri ya Berlin. Ilidai eksirei au CT, kipimo cha damu ya mshipa wa ateri, na mgonjwa awe kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Katika Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu mjini Kigali, Elisabeth Riviello na wenzake waliuliza swali la haki: ambaye hana vitu hivyo haugui? Wakaruhusu altrasaundi mahali pa eksirei, kipimo cha kidoleni mahali pa damu ya ateri, na wakaondoa sharti la mashine. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, kati ya wagonjwa 1,046 waliochunguzwa, 42 walikuwa na ugonjwa huo kwa tafsiri ya Kigali. Kwa tafsiri ya Berlin hakuwapo hata mmoja. Nusu ya wale 42 walifia hospitalini. Yaani watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao karatasi za dunia zilisema hawana. Mwaka 2023 tafsiri mpya ya dunia ilipotangazwa, altrasaundi na kipimo cha kidoleni vikakubaliwa rasmi ndani yake. Kigali ilibadili kanuni ya dunia, na Kigali iko karibu zaidi na Geita kuliko ilivyo Dar es Salaam.

Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, ya kwanza ya aina yake nchini, na papo hapo ikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Altrasaundi ya kitandani ilikuwa sehemu ya kazi tangu mapema. Utafiti wa hapo uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kipimo hicho kilibadili wazo la daktari kuhusu ugonjwa, au uamuzi wa mgonjwa aende wapi, kwa asilimia 29 ya waliopimwa. Vijijini Rwanda, katika hospitali mbili zilizofundishwa altrasaundi mwaka 2008, mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 43 ya wagonjwa. Hapo hapakuwa na mabingwa wa radiolojia. Walikuwapo madaktari wa kawaida, na mwalimu aliyekaa nao kwa wiki tisa.

Wiki tisa. Semina nyingi tunazozijua huchukua siku tatu au tano kwenye ukumbi wa mji, na mshiriki huondoka na cheti na begi la karatasi. Watafiti wa nchi kadhaa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walitaka kujua daktari wa wagonjwa mahututi anahitaji nini ili alama zake za mapafu zifanane na za mtaalamu. Jibu lao lilikuwa vipimo 25 chini ya usimamizi, kwa wagonjwa halisi. Ishirini na tano si idadi ya kutisha. Wodi ya mkoa wenye machimbo hupokea wagonjwa wa kutosha kwa kazi hiyo. Shida ni maneno yanayofuata, chini ya usimamizi. Yanamtaka mtu anayejua awepo wodini, si ukumbini, tena kwa muda mrefu kuliko bajeti ya semina. Safu ya viashiria haina mahali pa kumwandika mtu huyo, kwa hiyo hawekwi kwenye bajeti, na asipowekwa hayupo.

Nchi hii imepata funzo kubwa la jambo hilo karibuni. Oktoba 2021 serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3. Fedha za UVIKO, kama wananchi wanavyoziita hadi leo, zilijenga madarasa na kuchimba visima. Na kwa upande wa afya zikaleta majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi, mashine za picha na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Nasema kwa moyo wote kwamba hilo lilikuwa jambo jema. Oksijeni iliyokuwa ikifuatwa kwa lori kutoka mji mwingine ikaanza kuzalishwa karibu na mgonjwa, na hakuna altrasaundi inayoweza kuchukua nafasi ya oksijeni. Lakini mpango wa dharura ulikuwa na tarehe ya mwisho, na jengo lina tarehe ya kukamilika. Ujuzi wa muuguzi wa zamu ya usiku hauna. Mtambo wa oksijeni unahitaji umeme usiokatika, fundi, vichujio na vipuri mwaka wa pili, wa tatu na wa saba, wakati macho ya waliouzindua yamekwisha kuhamia kwingine.

Altrasaundi ina madai yake madogo madogo ambayo hayapigiwi picha. Jeli huisha. Waya wa kichwa cha mashine hukatika kwa sababu ya kukunjwa vibaya, na kichwa kimoja chaweza kugharimu fedha nyingi kuliko halmashauri ilivyotenga kwa matengenezo yote. Kila baada ya mgonjwa lazima kifutwe kwa dawa inayofaa, hasa katika mkoa wa kifua kikuu, la sivyo tunabeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda kwa mkono wetu wenyewe. Vifaa vipya vidogo vinavyochomekwa kwenye simu ni vyepesi na vya bei nafuu kuliko mashine za zamani, na mwaka 2022 Kenya ilianza kuwagawia wahudumu 500 pamoja na mafunzo. Ila baadhi hudai ada ya kila mwaka, na ada hiyo mradi ukiisha anailipa nani? Kisha kuna uhamisho. Afisa tabibu aliyeiva kwenye kazi hii akihamishiwa kituo kisicho na mashine, mradi umepoteza kila kitu alichofundishwa, na hakuna ripoti itakayolionyesha hilo, kwa kuwa jina lake bado linahesabiwa miongoni mwa waliofundishwa.

Na kuna kabati. Kifaa cha thamani hufungiwa na ufunguo hukaa kwa mtu mmoja. Mantiki yake inaeleweka: kikipotea, yeye atajibu. Matokeo yake ni kwamba kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya dharura hupatikana saa za kazi tu. Dharura hazina saa za kazi.

Shinyanga yenyewe, bila kwenda mbali, ina mifano miwili ya mipango iliyodumu, na mimi naiona yote miwili kuwa walimu bora wa mradi wa altrasaundi ya mapafu kuliko mwongozo wowote wa kigeni. Wa kwanza hauhusu hospitali hata kidogo. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza mwaka 1986 mkoa ukiwa umekaribia kuwa jangwa, baada ya miaka ya kufyeka misitu kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, kupanda pamba na kufuga. Kupandikiza miche ya kitaluni kulitoa matunda kidogo. Mambo yalibadilika programu ilipojengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifungia eneo la malisho wakati wa masika ili mifugo iwe na majani kiangazi. Watu waliijua, walikuwa na sheria zake za kijadi na walijua nani anaadhibiwa akizivunja. Ngitili zilizohesabiwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Programu ilifungwa mwaka 2004, miti ikabaki.

Wa pili ni m-mama. Ulianzia Sengerema na Buchosa mkoani Mwanza, ukaenea Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kuwa mfumo wa taifa. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata shida, simu inapigwa bure namba 115. Mhudumu aliye kituoni anauliza maswali, anapima uzito wa hali, na kama gari la wagonjwa haliko karibu anamwita dereva wa kawaida wa kijiji, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mama. Hakuna aliyeleta madereva kutoka nje. Walikuwapo, magari yao yalikuwapo, na kazi ya mradi ikawa kuwaunganisha na kuwalipa kwa wakati.

Mipango hiyo miwili ilimkuta mwenyeji na kumpa nguvu. Nikiutazama mradi wa altrasaundi ya mapafu kwa jicho hilo, naona mwenyeji wake yupo tayari: ni mashine ya wajawazito. Hospitali zetu za mikoa na nyingi za wilaya zina altrasaundi ya kliniki ya mama, na kichwa kilichopinda kinachotumika kumtazama mtoto tumboni ndicho kinachofaa kutazama pafu la mtu mzima. Hauhitaji kusubiri mashine mpya ili uanze. Unahitaji makubaliano: kwamba baada ya kliniki, au usiku, mashine hiyo inaweza kusukumwa hadi wodi ya wanaume, kwamba mtaalamu wa radiolojia ndiye mwalimu wa kwanza na si mtu anayenyang'anywa kazi, kwamba afisa tabibu na muuguzi wanaruhusiwa kujibu maswali matatu tu, wakaishia hapo. Kuna maji nje ya pafu? Utando unasogea? Pafu lina hewa, limelowa au limejaa? Picha ngumu kuliko hizo zinamngoja bingwa.

Kolandoto, hospitali ya Kanisa la AIC iliyoanza mwaka 1913, iko ndani ya manispaa hiyo hiyo na ina chuo cha afya pembeni yake. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, Chato ina hospitali ya kanda. Kwa ukanda huu wote, msimamizi mmoja mwenye ujuzi anayezunguka kila wiki, akikaa na wanafunzi wake kitandani hadi kila mmoja afikishe vipimo 25, angefanya zaidi ya semina kumi. Mshahara wake ni mdogo ukilinganisha na bei ya mashine moja kubwa. Picha zilizohifadhiwa zingejadiliwa mchana, tena pamoja na zile zilizokosewa, maana kosa lililofichwa linarudiwa.

Kwa Geita na Kahama pesa hazihitaji kutafutwa ng'ambo. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kampuni za migodi zinatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga zahanati na vituo vya afya. Zina tabia ya kupenda jengo, kwa sababu jengo lina kibao. Halmashauri zina haki ya kusema kwamba mwaka huu tunataka jeli, vipuri, dawa ya kusafishia na mshahara wa msimamizi kwa miaka mitatu. Vumbi lililojaza mapafu ya wachimbaji wadogo limetoka kwenye miamba ile ile ya dhahabu.

Uaminifu unanidai niseme na mipaka ya kipimo. Altrasaundi haitaji jina la kijidudu. Haioni kidonda kilicho katikati ya pafu kisichofika kwenye utando. Mistari ya wima inaonekana kwa nimonia, kwa moyo ulioshindwa na kwa makovu ya zamani, na mchimbaji aliyeharibiwa na vumbi la mawe au aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kuwa nayo siku zote. Asiyeuliza historia ya mgonjwa atadanganywa na kioo. Makohozi bado yapimwe, eksirei bado ipigwe mgonjwa akitulia.

Lakini katika jambo moja kipimo hiki kinaweza kuokoa watu wengi mapema, nalo ni dripu. Tumezoea kumtundikia maji kila mtu aliyezidiwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yake yakatoka mwaka 2011, uliwafuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu: katika saa 48, kati ya waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya asilimia 10, na kati ya wasiopewa asilimia 7.3. Lusaka, mwaka 2017, watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la chini waliopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu walikufa asilimia 48.1, dhidi ya 33.0 kwa matibabu ya kawaida. Maji ni dawa, na kama dawa nyingine yanaua. Muuguzi anayeweza kuona mistari ya wima ikiongezeka baada ya chupa ya kwanza ana sababu ya kumwita daktari kabla ya chupa ya pili.

Yote haya hayana maana kama mgonjwa hapati oksijeni. Mwaka 2025 watafiti walichapisha hesabu ya siku moja katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, wagonjwa 19,872. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Asilimia 69 ya hao mahututi walikuwa katika wodi za kawaida, na kati ya walioshindwa kupumua, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni. Soma hapo tena. Mgonjwa wetu wa Ngokolo hayumo katika chumba kipya cha wagonjwa mahututi chenye kibao mlangoni. Yumo wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani, na swali la kwanza ni kama kuna aliyempima pumzi na oksijeni tangu jioni. Mradi wa altrasaundi unaoanza bila kujibu swali hilo utazalisha picha nzuri za watu wanaokufa. Kwa hiyo ningeweka sharti: wodi isiyopima pumzi na oksijeni ya kila mgonjwa kila zamu isipewe mashine hadi ianze kupima, na isiyokuwa na oksijeni ipewe oksijeni kwanza.

Na huyo mchimbaji hana namba ya kupiga. Namba 115 ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga wao, na ni haki yao. Mfumo umekwisha kujengwa, madereva wanajulikana, njia ya malipo ipo. Kuupanua umpokee mgonjwa asiyeweza kupumua kungempunguzia siku kati ya zile tano alizopoteza nyumbani na zahanati, na siku hizo ndizo zinazoamua kama kuna pafu la kutazama.

Halmashauri zikikaa kuandaa bajeti, waganga wakuu wa wilaya na mikoa ndio wanaoandika safu ile ya viashiria. Ombi langu kwao ni mistari mitatu: idadi ya watumishi waliokamilisha vipimo 25 chini ya usimamizi, idadi ya wagonjwa ambao matibabu yao yalibadilika baada ya kipimo, na idadi ya zamu za usiku ambazo mashine ilipatikana wodini. Mashine ngapi zimenunuliwa, bohari inajua tayari.